Mbuzi wa Karibu

Jina alipewa na kitinda mimba wetu, wala hakushauriana na mtu. Mbwa ameteremshwa garini, ana miezi miwili tu, nyayo zimemzidi mwili, mtoto akamwambia "Karibu," naye akatikisa mkia. Ikawa imetoka. Baba watoto alikuwa na majina yake aliyoyaandaa, yote ya kijeshi, akayajaribu moja moja pale uani. Hakuna lililoitikiwa.

Ubaya wa jina hilo ulijitokeza mbwa alipokua. Kwetu Goba, kama popote pwani, mtu akifika getini hupiga hodi, na mwenye nyumba hujibu bila kufikiri, vidole vikiwa bado kwenye unga. Sasa mimi nikijibu hodi ya mgeni, anayetoka kumpokea ni mbwa.

Chanzo cha yote ni wezi. Walitubebea pampu ya maji, tukanyamaza. Wakarudi wakakomba kuku, wakaacha jogoo mmoja aliyekuwa anaumwa. Mtu mwingine angeweka taa za nje na kuongeza matofali ukutani. Baba watoto akasema anataka mbwa, na si hawa koko wa mtaani wanaombwekea hata mwezi. Anamtaka Boerboel.

Aliyemtia maneno hayo ni mwenzake wa kazini, na kwa wiki nzima mezani hapakuwa na mazungumzo mengine. Boerboel ni mbwa wa Afrika Kusini, wa Makaburu, aliyelelewa kwenye mashamba ambako nyumba hadi nyumba ni mwendo wa farasi. Dume husimama sentimita 66 begani, na kilo 70 kwake si habari, wapo wanaopita 80. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1983. Wamarekani wamemwandikisha rasmi mwaka 2015 katika kundi la mbwa wa kazi. "Na Denmaki," Baba watoto akawa anawaambia wageni, "wamempiga marufuku tangu 2010!" Alilisema hilo kwa sauti ya mzazi ambaye mwanawe amepata divisheni wani.

Sifa moja aliipitia haraka. Kule shambani bwana yuko kondeni, bibi yuko nyuma ya nyumba, hakuna wa kumpa mbwa amri. Kwa hiyo mbwa mwenyewe huamua nini ni mali ya nyumba na nini si mali ya nyumba, kisha hulala karibu nayo. Ukimleta mbwa wa namna hiyo kwenye kiwanja cha Goba chenye ukuta pande zote, hataacha kuamua kwa sababu eneo limekuwa dogo.

Matunzo yake sitayasimulia sana, maana nikianza nitalia. Sufuria lake la dona na dagaa ni kubwa kuliko letu, na vichwa vya kuku mama wa sokoni ananiwekea bila kuniuliza. Daktari wa mifugo alitukataza kumlisha mlo mmoja mkubwa, na akakataza asikimbie akishashiba: mbwa wenye kifua kirefu tumbo lao huweza kujaa hewa na kujipinda, na likijipinda una saa chache tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa alianza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kadi yake imetiwa nailoni, za kliniki za wanangu zimeliwa na mende. Kupe ndio usiseme. Kupe wa mbwa hupanda ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa usioweza hata kuingiza kucha.

Lakini pesa zilirudi, au tuseme zilianza kurudi, siku ya fundi bomba.

Fundi alikuja kurekebisha koki ya tenki. Akapiga hodi, nikajibu nikiwa jikoni. Karibu akaenda getini. Mbwa huyu si mpiga kelele. Koko hukubwekea toka mbali akiwa tayari kukimbia, huyu huja karibu yako akasimama. Kijana wa getini akafungua, mbwa akanusa mfuko wa spana, akamsindikiza fundi mpaka chini ya mnara wa tenki, akalala kivulini. Fundi akafurahi sana, hata akasema mbwa ana adabu kuliko watoto wa siku hizi.

Adhuhuri simu ikaita. Baba watoto, kazini.

"Mama watoto, fundi yuko juu ya tenki."

"Najua. Anatengeneza koki."

"Alimaliza saa nne."

Nikatoka. Fundi amekaa juu ya mnara, miguu inaning'inia, jasho linamtiririka. Akaniamkia kwa heshima zote. Alipoteremsha mguu mmoja ngazini, mbwa akanyanyuka. Aliporudisha mguu juu, mbwa akalala. Hakunguruma, hakuonyesha jino. Fundi aliona aibu kupiga kelele, ndiyo maana akampigia aliyemwita kazi. Kwa akili ya Karibu, kuingia ni ruhusa ya mwenye nyumba, kutoka na spana mkononi ni jambo la kufikiriwa. Tangu siku hiyo mafundi wote wa mtaa wana bei mbili, na sisi tunatozwa ile ya mbwa.

Kisha akaja mama mkwe.

Mama hutoka Pangani kila mwaka kabla ya Idi ya kuchinja. Ni Mshafii wa kulelewa chuoni, na kwake jambo la mbwa halina mjadala: udenda wake ni najisi, chombo alichokiramba kioshwe mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Baba watoto alijaribu kumwambia kwamba kwa Imamu Maliki mbwa ni twahara. Mama akamtazama.

"Hao wa Maliki Pangani wanakaa mtaa gani?"

Hapo pakafungwa. Ndoo ya udongo ikawekwa mlango wa nyuma, na wanangu wakawa wanaosha sahani kwa kuhesabu kwa sauti, mmoja "sita", mwingine "bado tano, ule wa udongo umeusahau". Sitamsingizia mama kwamba alimchukia mbwa. Anajua kuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba wameruhusiwa. Kila Ijumaa anasoma Suratul Kahf, na katika aya ya 18 mbwa wa watu wa pangoni yumo, amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. "Lakini yule alikaa mlangoni," akasema. "Wenu anaingia mpaka jikoni." Na jina lake alikataa kulitamka. Neno la kumpokelea mgeni, alisema, halipewi mnyama. Akawa anamwita "yule".

Siku chache kabla ya Idi, Baba watoto akaenda mnada wa Pugu, akarudi na beberu mwekundu mwenye ndevu. Mama akamkagua uani kwa nusu saa. Mnyama wa kuchinja asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa wala aliyekonda, na mbuzi awe ametimiza miaka 2. Akamfunua mdomo, akatazama meno, akamtembeza huku na huku, akaridhika. Akatoa agizo moja: yule afungiwe. Akimng'ata mbuzi mguu, mbuzi amekuwa kiguru, na hapo hakuna sadaka, kuna kitoweo.

Tukamfungia bandani. Beberu akafungwa chini ya mwembe. Usiku kucha akalia, maana mbuzi wa mnadani hajazoea kulala peke yake.

Asubuhi mlango wa banda ulikuwa umelala chini na bawaba zake. Nilikimbia nikijua nakwenda kuona damu. Wamelala pamoja. Beberu anacheua kwa raha, mgongo ameuegemeza kwenye mbavu za mbwa, na Karibu anamramba sikio kwa utaratibu, toka shinani hadi ncha, manyoya yamelowa yakasimama vipele vipele. Akimaliza sikio la kulia anamsukuma kichwa kwa pua, anaanza la kushoto.

"Udenda huo!" mama akapiga kelele kutoka dirishani.

Kwa hiyo mbuzi alitakiwa kuoshwa mara 7, moja kwa udongo. Nani amsogelee? Baba watoto alipiga hatua nne tu, mbwa akanyanyuka akasimama kati yao, kichwa chini. Bwana aliyemnunua, aliyelipa dona na chanjo. Aliyeruhusiwa kupita ni mmoja tu, kitinda mimba, na yeye kwa kupeleka majani.

Siku ya Idi wanaume wakatoka kuswali, wakarudi na ustadhi na kisu chake kilichofungwa kitambaa. Ustadhi akafika getini akapiga hodi. Nyumba nzima kimya. Mimi nimejiziba mdomo, wanangu wameangaliana, hakuna aliyethubutu kujibu. Akarudia hodi ya pili, ya tatu, mwisho Baba watoto akamshika mkono akamwingiza kama mwizi.

Tukajaribu nyama kwanza. Karibu akaja, akaila, akarudi mwembeni. Tukajaribu mnyororo. Baba watoto, kanzu mpya ya Idi, akavutwa uani kwa kifua mpaka kwenye mabomba ya maji machafu, na bado hakuuachia, nampa sifa yake. Ustadhi alikuwa amekwisha kurudi barazani, anakunja kitambaa juu ya kisu.

"Hakuna haraka," akasema. "Zipo siku tatu za tashriki. Mpaka jua la tarehe 13 lizame."

Wageni wetu wa Idi wakala kuku wa kununua. Pilau za majirani zilinukia mpaka usiku, na kila aliyepita aliuliza kwa upole kama sisi mwaka huu hatukujaaliwa. Siku ya pili ikapita hivyohivyo. Ya tatu Baba watoto akaanza kusema labda tumwache beberu, tununue mwingine. Nikamwuliza atamfunga wapi huyo mwingine.

Aliyepata njia ni mama. Siku zote hizo alikuwa amekaa dirishani na tasbihi yake, macho kwa yule. Siku ya mwisho, baada ya adhuhuri, akaniita.

"Mwanangu, hebu nisimulie tena ile ya fundi."

Nikamsimulia. Akavaa baibui lake, akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma, akauzunguka ukuta mpaka getini kwa mbele. Ustadhi na Baba watoto wakajibanza kwenye ua wa jirani. Nami nikawekwa jikoni.

"Hodi!"

Nikavuta pumzi. "Karibuu!"

Mbwa akatazama geti, akamtazama beberu, akatazama geti tena. Kazi ni kazi. Akaondoka mwembeni, akampokea mama, akamnusa mkoba, akamsindikiza taratibu mpaka barazani. Mama akakaa kwenye mkeka. Karibu akalala ngazini, miguu ya mbele ameinyoosha, akimtazama mgeni wake. Mama akajaribu kuinua mguu mmoja, mbwa akanyanyuka. Akaushusha, akaendelea na tasbihi.

Kitinda mimba akamfungua beberu, akampitisha mlango wa nyuma mpaka kwa jirani. Wakamwosha kule, nikisikia hesabu ukutani mpaka saba, kisha nikasikia takbiri. Karibu akatega sikio mara moja. Mama akakohoa, naye akamrudia.

Ilipokuwa magharibi inakaribia, nyama imekatwa na mafungu ya maskini yamekwisha toka, Baba watoto akaja barazani, mikono inanuka sabuni, furaha imemjaa.

"Mama, mwakani tuchange watu saba, tununue ng'ombe!"

"Ng'ombe huyo," mama akasema bila kugeuza shingo, "achinjwe hukohuko Pugu. Sasa niondolee yule hapo ngazini. Nataka kutawadha."