Figa la Nne

Mkazi wa Mafiga, Manispaa ya Morogoro, hana sababu ya kuhangaika na mahali pa kupikia. Jina la mtaa limeshamaliza kazi: mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, na tangu enzi na enzi hakuna aliyeona haja ya la nne. Hata wanasiasa wakija kuomba kura za rais, mbunge na diwani kwa mpigo mmoja husema wanataka mafiga matatu, na kila mtu anaelewa. Ila mkazi mmoja, ambaye kwa bahati mbaya ndiye mwandishi wa insha hii, aliona matatu hayamtoshi. (Tutamsema kana kwamba ni mtu mwingine. Ndivyo anavyopenda mwenyewe.)

Alitaka tanuri la udongo, la uani, lenye mgongo wa mviringo, la kuokea mikate.

Wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Unguja na Pemba kuna mkate wa mofa, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo ukaiva hapohapo. Tatizo lilikuwa majira. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nchi nzima inaelekea kwenye mtungi wa gesi, yeye anaelekea porini na panga.

“Baba,” mkewe alimuuliza, “sisi tumepangiwa kwenye ile ishirini iliyobaki?”

Fundi mmoja wa matofali ya kuchoma alimshauri atafute udongo wa kichuguu. Ushauri ulikuwa mzuri. Mchwa hujenga kwa chembe laini na kuzigandisha kwa mate, ndiyo maana kichuguu husimama mvua na jua wakati ukuta wa tope wa binadamu unamomonyoka. Alichosahau kusema ni kwamba kichuguu kina wenyewe. Magunia sita yaliposhushwa uani, nao walishuka, kimyakimya, kama wapangaji wanaokagua nyumba. Wiki chache baadaye mirunda ya kibanda cha tanuri ilianza kutoa vumbi. Huenda si wale wale. Mwandishi hana ushahidi.

Kisha kukawa na suala la chupa. Chini ya sakafu ya tanuri hupangwa chupa tupu, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani ya kioo huzuia joto lisinywewe na ardhi. Zilihitajika kama arobaini. Mwandishi alizifuata kwenye baa, asubuhi na mapema, kwa baiskeli, safari mbili, zikigongana njia nzima. Jumapili ile mzee wa kanisa alimtembelea, akakaa, akakohoa.

“Mwanangu, tuko pamoja na wewe.”

Mwandishi akamweleza kwa kirefu habari za joto na ardhi. Mzee alimsikiliza kwa huruma. “Ndiyo,” alisema, “huwa inaanza hivyohivyo. Mtu anasikia joto.”

Udongo ulikanyagwa juu ya turubai, ndoo moja ya kichuguu kwa ndoo mbili za mchanga wa mto, ili usisinyae sana ukikauka. Watoto waliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo hawajawahi kuionyesha kwenye vyombo. Mchanga mbichi ulirundikwa kama kichuguu kingine, ukafunikwa magazeti yaliyoloweshwa, na udongo ukapigwa juu yake. Ulipokaza, mchanga ukachotwa kwa ndani. Mlango nao una kanuni yake: kimo chake kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha ndani ya tanuri, moshi utoke lakini joto libaki. Tanuri lilikuwa na sentimita 40, mlango ukatoka 25. Huo pia ndio mlango anaoutaka tetea mwenye siri, ila hilo lilijulikana baadaye.

Tanuri bichi linataka moto wa kubembeleza: vijiti vichache, siku kadhaa mfululizo, maji yatoke taratibu. Yakichemkia ukutani yanageuka mvuke, na mvuke haubishi hodi. Mwandishi aliyajua yote haya. Lakini siku ya tatu walikuja wageni, na mbele ya wageni vijiti vinatia aibu. Akapakia kuni za mwembe.

Pa! Jirani alizima redio asikilize vizuri.

Ufa ulitoka mlangoni ukapanda hadi utosini. Ulitosha kupitisha kadi ya benki. Alipima, kadi ikapita.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuziba. Alijifunza kwamba ufa lazima uloweshwe kwanza, la sivyo udongo mkavu hunyonya maji ya kiraka na kiraka kinadondoka kama kigaga. Alijifunza hilo mara nne. Halafu ikaingia masika. Milima ya Uluguru inapanda kupita mita 2,600, na kilele kikishajifunga kilemba cha wingu, aliye bondeni huanua nguo. Mwandishi alianua nguo. Tanuri alikuwa amelijengea kibanda cha bati, juu ya ile mirunda iliyokuwa ikitoa vumbi. Aprili, usiku, bati lilishuka lenyewe.

Mkate wa kwanza ulipatikana Juni. Joto la tanuri hupimwa kwa unga: unarushwa sakafuni, na ukigeuka kahawia polepole, tanuri liko tayari. Wake uligeuka mweusi papo hapo. Angesubiri. Hakusubiri. Kilichotoka kilikuwa mkaa kwa nje na uji kwa ndani. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Mgeta na ambaye kwa heshima hasemi na mkwe moja kwa moja, alimgeukia bintiye: “Mwambie mkwe wangu tofali lake limeiva upande mmoja.” Kisha akapika keki kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Iliumuka vizuri sana.

Tuseme ukweli, wiki iliyofuata mikate sita ilitoka safi, kwa moto wa saa mbili tu na makaa kuondolewa kabla ya kuoka. Watoto waliimaliza ikiwa ya moto. Mwandishi alizunguka mtaa akitafuta wa kumsimulia.

Aliporudi kuwasha tena, ndani kulikuwa na tetea na mayai kumi na moja. Kuku huatamia siku 21, na mama watoto alitangaza kwamba hakuna njiti itakayowashwa hapo. Leo ni siku ya 14. Gesi iliisha jana. Mama mkwe amechukua matofali matatu kati ya yale yaliyobaki kwenye msingi wa tanuri, akayapanga uani, akainjika maharage.

“Tofali moja limebaki,” alimwambia bintiye. “Mpe mkwe wangu akalie.”