Sifa za Mavi ya Sokwe

Waridi limeshasifiwa, asali imeshasifiwa, macho ya wapenzi ndiyo usiseme. Mavi ya sokwe mtu hayajapata hata ubeti mmoja, na hiyo ni dhuluma. Wenye pua nyepesi mniwie radhi, nitayasifu mimi.

Twende Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mabungo yakiwa yameiva. Aliyewahi kukamua juisi ya bungo anajua nyama yake inavyozing'ang'ania mbegu. Sisi tuna chujio, sukari na subira. Sokwe hana hata kimoja, basi humeza vyote akaenda zake. Ulafi huo ndio mwanzo wa msitu. Mbegu husafiri tumboni siku nzima au zaidi, bila nauli, mwenye tumbo akipanda vilima na kushuka mabondeni, hadi zishushwe mbali na mmea mama, ambao chini yake panya, wadudu na ukungu walishakaa mkao wa kula. Tena zinashushwa ndani ya samadi! Nitajieni bwana shamba anayegawa mbegu na mbolea kwa mkupuo mmoja. Kisha huja dundu wala mavi, wakagombea urithi na kuufukia ardhini, na mbegu nyingine zikafukiwa humo humo, panya asizione.

Kima naye ana mchango wake: hujaza mashavu, hujitenga, hutema mbegu mojamoja. Ni biashara ya rejareja. Mbega na joho lake la kifahari msinitajie kabisa. Hula majani, na mbegu akizipata huzisaga.

Wataalamu wameyapa mavi haya heshima yake. Gombe, alikoanzia kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960, yaliokotwa, yakaoshwa, mbegu zikachambuliwa ili ijulikane sokwe alikula nini. Kuna waheshimiwa ambao wasingependa kuchunguzwa hivyo.

Kila 1 Aprili, Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Maturubai hufungwa, hotuba husomwa, mche hupandwa, picha hupigwa; wa kuumwagilia kesho yake hajateuliwa. Sokwe hana turubai wala kipaza sauti. Alfajiri huamka, husogea ukingoni mwa kiota chake juu mtini, akazindua mradi. Ombi langu kwa waandaaji ni dogo: mwakani, mgeni rasmi asimamishwe chini ya kiota hicho, mapema, bila mwavuli.