Dirisha la Daraja la Kwanza

Shingo yangu bado haigeuki kushoto. Nikitaka kumtazama mtu aliye upande huo nageuka mwili mzima, na pale stendi ya Kisii makanga wamekwisha kunizoea: wananifungulia mlango wa mbele bila kuuliza. Chanzo ni dirisha la behewa la zamani tunalolikarabati kwa kujitolea huko Kisumu. Liliniangukia Jumamosi nimetoa kichwa nje, mbele ya basi zima la watoto wa shule waliokuja ziara. Walitoka Keroka. Shule zote za Kenya zilizopo, wakaja wa Keroka, majirani zangu.

Watoto hawakucheka, ningewashukuru wangecheka. Walijipanga wakanitazama kwa adabu, daftari mkononi. Mwalimu wao, mtu asiyepoteza nafasi, akaanza kuwaeleza jinsi abiria wa zamani walivyokuwa wakichungulia nje. Binti mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu amechongwa Tabaka?"

Mwalimu akanikagua kidogo. "Andikeni tu," akasema.

Nikaona heri niwasalimu kwa lugha ya nyumbani. "Bwakire, abana baito!" Kalamu mbili zilianguka, na mvulana mmoja hakuonekana tena mpaka saa ya basi kuondoka.

Hapo lazima mnivumilie nilieleze dirisha lenyewe, maana tangu siku ile nalifikiria kuliko ninavyofikiria karo. Dirisha la behewa lile ni madirisha matatu yanayoishi katika ukuta mmoja: kioo, wavu wa mbu, na kifuniko cha vibao vilivyolazwa mshazari ili kuzuia jua na kupitisha upepo. Kila moja lina mfereji wake. Ukilipandisha, linashikwa na pini mbili zinazosukumwa na springi ziingie kwenye matundu ya chuma. Abiria alibana pini kwa vidole, akasogeza, akaachia, pini ikajitafutia tundu. Hakuna skrubu inayoonekana. Aliyebuni kitu kile alikuwa na akili nyingi na, naamini, shingo fupi.

Sasa njoo kwenye mbao. Watu hudhani mbao ikishakatwa imekufa. Wapi! Inakunywa unyevu wa hewani na kuutema kila siku, na ikinywa inatanuka kwa upana. Kwa urefu haiongezeki cha kuonekana. Kwa hiyo asubuhi, hewa ya ziwa ikiwa imebeba maji, kifuniko kinajaa ndani ya mfereji na kukwama kabisa, hata ukikining'inia hakishuki. Pini zimekwisha kuliwa na kutu, lakini nani atajua, ikiwa mbao inajishikilia yenyewe? Inafika saa tano. Jua la Kisumu limechoma paa, mbao imesinyaa kiasi cha unene wa ukucha, na mzigo wote ule unagundua kwamba haujashikwa na kitu. Fundi wetu, mzee mstaafu wa reli, alinieleza haya yote kwa utulivu huku akitafuta mtaimbo wa kuninasulia.

"Vumilia, Mkisii wangu," alisema. "Muda wote huu nilikuwa najiuliza litaanguka lini."

Nikiwa nimebanwa pale nilimkumbuka Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli. Mwaka 1900 behewa lake lilisimamishwa Kima ili amvizie simba aliyekuwa akila watu, na usingizi ukamchukua akiwa zamu. Simba akaingia. Uzito wake ukalilaza behewa upande mmoja, mlango wa kuteleza ukajifunga wenyewe nyuma yake, na ndani mlikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Simba hakuhangaika na mlango: alitoka na Ryall kupitia dirishani. Behewa hilo lipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Nalionea wivu dirisha lile lililompitisha simba na afisa kwa mkupuo mmoja.

Nyigu walioishi chini ya kitanda, rangi ya kijani iliyoharibu viatu vyangu vya kanisani, na mwenzetu aliyejifungia katika choo kinachomwaga moja kwa moja relini, hayo niyapite.

Ila kuna behewa la pili pale njia ya pembeni, la daraja la tatu. Ndani ni mabenchi ya mbao tupu. Enzi za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu letu sisi. Na sisi wa Kisii na Nyamira hata reli yenyewe haikutufikia: ilifika Kisumu mwaka 1901 ikaishia ziwani, na kufikia 1905 askari wa Mwingereza walikuwa wamekwisha kuja kutupiga katika milima yetu. Bunduki zilipata njia ya kutufikia, behewa halikupata. Babu yangu akienda Nairobi kutafuta kazi alishuka kwa miguu hadi Kisumu, kisha akakesha kwenye benchi kama lile.

Behewa hilo halimo katika mpango wa ukarabati. Kuku wanatagia humo, na bati la paa limeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliwauliza viongozi wetu, wakanijibu kwamba mgeni halipi kiingilio aje kuona benchi. Anataka kupigia picha viti vya ngozi na taa za shaba. Basi mjukuu anafunga safari kwa nauli yake, anapiga msasa bure meza ambayo babu yake asingeruhusiwa kuigusa ila kwa kuifuta.

Jumamosi ijayo tunahamia behewa la chakula, tupake vanishi meza zote. Tumeombwa kila mtu aje na chakula chake.