Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Jiji: Maelezo Mafupi Kuhusu Kijana Mgeni

Kwa Uongozi wa Jiji la Dar es Salaam, pamoja na Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni.

YAH: KIJANA ANAYEHAMIA MJINI, TABIA ZAKE, MALIPO YAKE NA NAMNA ANAVYOONDOLEWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kijana mhamaji ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, kwa kipimo cha Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, anayewasili Dar es Salaam akiwa na begi moja, kiroba cha mahindi cha kumpelekea mwenyeji, na namba ya simu ya mtu aliyemwambia, "Ukifika Chalinze nibipu." Hupatikana kwa wingi baada ya matokeo ya kidato cha nne, baada ya mavuno, na baada ya ugomvi wa nyumbani ambao hautajwi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa mzima. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika ongezeko hilo la zaidi ya milioni moja wapo waliozaliwa Temeke na Mwananyamala, ambao hawana kosa. Waliobaki walikuja kwa basi.

Mabasi mengi ya mikoani hayamfikishi tena Ubungo mataa. Tangu 2021 humshusha Mbezi Luis, kwenye stendi yenye jina la Rais Magufuli, aliyeizindua mwenyewe Februari mwaka huo. Mwezi huohuo Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo kijana aliyekata tiketi ya Dar es Salaam hushushwa Manispaa ya Ubungo. Akienda kulala Mbagala yuko Temeke. Akivuka daraja yuko Kigamboni. Akipata mwenyeji Tandale yuko Kinondoni. Anaweza kumaliza miaka kumi Dar bila kulala jijini hata usiku mmoja. Ndiyo sababu barua hii imeelekezwa kwa ofisi tano, na kila moja ina uhuru kamili wa kujibu kwamba suala hili liko chini ya zile nne nyingine.

Kuhama si jambo geni kwa serikali yenyewe, na ulinganisho kidogo unasaidia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973. Iliundwa mamlaka maalumu ya kuustawisha mji huo, na Waziri Mkuu akahamia Septemba 2016. Miaka 43, yenye mafungu, magari na nyumba za kufikia. Kijana wa Kasulu au Nachingwea hupewa usiku mmoja barabarani kukamilisha shughuli ya aina hiyohiyo, na asubuhi yake huulizwa mbona hajajipanga.

Hatua ya kwanza ya mapokezi huendeshwa na shangazi. Hakuna bajeti ya manispaa inayomtaja, ingawa ndiye mwenye vitanda, au tuseme mwenye sebule, kwa kuwa kijana hulala kwenye kochi baada ya taarifa ya habari na kuliachia kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Kanuni inayotumika ni ya kale: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa Tabata hakuna shamba, jembe limegeuka kuwa ndoo za maji, kusukuma toroli sokoni, na kumsindikiza mtoto wa darasa la kwanza kupanda daladala. Binti hupewa jembe lake siku ya kwanza, wakati mwingine kabla hajanywa chai, na wengi huletwa mjini kwa ajili hiyohiyo kwa ahadi ya cherehani itakayonunuliwa baadaye. Kipindi cha shangazi hakina ukomo rasmi. Dalili za kwisha kwake ni pamoja na mjomba kuanza kuuliza, akiwa ametazama televisheni, "Hivi zile kazi ulizoomba vipi?"

Hatua ya pili ni dalali, na hapa inafaa kwenda polepole, maana ndipo jiji linapofanya kazi kwa ufanisi wa hali ya juu. Dalali anajua kila chumba kilicho wazi kuanzia Buguruni hadi Goba, bei yake, tabia ya mwenye nyumba na sababu iliyomhamisha mpangaji aliyepita, sababu ambayo haisemi. Ofisi yake ni kivuli cha mwembe au kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Hutoza pesa ya kuonyesha, isiyorudishwa hata chumba kikiwa hakina dirisha, na chumba kikipatikana hutoza kodi ya mwezi mmoja. Takwimu za makazi ambazo manispaa huzitafuta kwa semina na washauri, yeye anatembea nazo kichwani.

Mwenye nyumba kwa upande wake hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Chumba cha shilingi 60,000, kwa mfano, humtaka kijana atoe 360,000 za kodi na 60,000 za dalali, jumla 420,000, kabla hajanunua godoro. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa biashara na viwanda. Kijana mwenye mshahara huo akikaa bila kula, bila nauli na bila vocha kwa karibu miezi mitatu, mlango unafunguliwa. Zamani ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984, yenye mabaraza ya kusikiliza migogoro ya namna hii. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wamekuwa huru kukubaliana: mwenye nyumba hutaja, mpangaji hukubali.

Chumba kikipatikana, kijana anatakiwa atambulike. Utambuzi humalizikia kwenye barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambayo huombwa benki, kazini, polisi wakati wa dhamana, na mahali pengine ambapo mwombaji hakutarajia. Mwenyekiti hamwandikii mtu asiyemjua, kwa hiyo humwagiza aanze kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU miaka ya 1960 na ukarithiwa na CCM. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na mjumbe, kwa mujibu wa sheria, akabaki kiongozi wa chama chake tu. Habari hizi hazijafika kwa mjumbe, wala kwa wanaohitaji saini yake. Mjumbe naye hamjui kijana, kwa hiyo humwita mwenye nyumba, ambaye anamfahamu tangu juzi. Kwa njia hiyo mtu mmoja aliyemwona kijana mara mbili, mara zote akihesabu pesa, ndiye msingi wa utambulisho wake mbele ya dola. Barua yenyewe haina malipo. Vinavyolipiwa ni karatasi, wino wa mhuri na maji ya kunywa ya mwenyekiti.

Namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ina mzunguko wake. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, asiye na namba hana simu yenye jina lake. Fomu ya kuombea namba hugongwa mhuri mtaani, na mtaani, kama ilivyokwisha elezwa, wanaanza na mjumbe. Kijana mwepesi hukwepa haya yote kwa kutumia laini ya shangazi, na ndiyo maana wanaotumiwa pesa huko vijijini hupokea ujumbe wenye jina la mwanamke wa miaka 50 wasiyemfahamu.

Kuhusu mapato, kijana mgeni ni mlipakodi mwepesi kuliko wote kwa kuwa halijui hilo. Agosti 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba ya vyumba sita uswahilini mwenye nyumba ni nadra kununua umeme. Hivyo mtu asiyemiliki hata kizingiti hulipia jengo la mtu mwingine kila mwezi, gizani, akishangaa kwa nini uniti zimepungua. Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalikuwa kwamba wapangaji wamalizane na wenye nyumba wao. Wamemalizana: anayelalamika hupewa notisi.

Kazi inaweza kuelezwa kwa haraka, kama yenyewe inavyopatikana na kupotea. Asiyeajiriwa hutandika turubai na kuuza soksi, au huendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku. Desemba 2018 mfanyabiashara mdogo alianza kupewa kitambulisho kwa shilingi 20,000 na amri kwamba asibughudhiwe. Oktoba 2021 aliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu Kariakoo akiwa nacho mfukoni.

Linabaki suala la kumwondoa, ambalo uongozi wa mji huu umelishughulikia kwa bidii tangu enzi za Mwingereza. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Baada ya uhuru watu hao wakawa wazururaji na kupe. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi, ambapo asiyeweza kuonyesha kitambulisho cha kazi alikamatwa mitaani na kupakiwa kwenye lori kupelekwa kijijini. Gharama zilikuwa kubwa: dizeli, askari, posho. Tija ilikuwa ndogo, kwa kuwa wengi walirudi, na wapo waliowahi kabla ya lori.

Mbinu ya sasa haihitaji lori. Miezi sita ikiisha mwenye nyumba hupandisha kodi, na kijana husogea. Aliyeanzia Sinza huhamia Kimara, kisha Mbezi, kisha Kibamba. Aliyeanzia Temeke hushuka Mbagala, kisha Chamazi, na kila anapotua barabara ya lami hufika baada yake ikiwa na bei mpya za vyumba. Siku moja hujikuta Kibaha, au Vikindu wilayani Mkuranga, ambako ni Mkoa wa Pwani. Amekwisha ondolewa Dar es Salaam, bila askari, kwa nauli yake mwenyewe. Alfajiri hurudi mjini kusimama kwenye daladala, kubeba zege na kulipa ushuru wa meza, na jioni huondoka tena, akiwa amekula mjini na kuhesabiwa Pwani. Huko Vikindu nako kijana anatakiwa atambulike kwa barua, na mwenyekiti wa huko huanza kwa kuulizia barua ya kule kijana alikotoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba cha uani.

Nakala: Mjumbe wa nyumba kumi, kwa saini. Mwenyekiti wa mtaa, kwa mhuri. Dalali, kwa utekelezaji.