Sifa za Uvundo wa Panya

Katika orodha ya watumishi ambao binadamu amewatumia bila kuwashukuru, uvundo wa panya wafugwao ndani ya nyumba unastahili nafasi ya juu, kwa kuwa hufanya kazi usiku na mchana, haudai mshahara wala likizo, na ujira wake ni kufukuzwa kwa udi, ubani na manukato ya kopo. Pua ya panya imekwisha kupata heshima yake. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, aliyegundua zaidi ya mabomu na silaha 100 nchini Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza, PDSA, mwaka 2020. Mkojo wake, ambao bila shaka ulikuwapo kazini siku zote hizo, haukutajwa na yeyote.

Nasaba ya uvundo huu ni ya heshima kuliko inavyodhaniwa. Mkojo mbichi wa panya hauna amonia nyingi, amonia ikiwa ni ile hewa kali inayochoma pua na kutoa machozi. Una urea, yaani taka ambayo mwili huitengeneza ili kujiondolea nitrojeni iliyobaki baada ya protini kutumika. Bakteria waishio katika kinyesi na katika matandiko yaliyolowa ndio wenye yurease, kimeng'enya kinachoivunja urea hiyo kuwa amonia na kaboni dioksidi, na bakteria hao hushamiri penye joto, unyevu na hewa isiyotembea. Kwa hiyo kumsingizia panya peke yake ni dhuluma: yeye huleta malighafi tu, wapangaji wake wasioonekana huisindika, na mfugaji ndiye aliyejenga kiwanda, akafunga madirisha yake, kisha akashangaa bidhaa inapotoka.

Uvundo huu ni mhasibu asiyehongeka. Panya wa kufugwa hunywa takriban mililita 10 hadi 12 za maji kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake, na sehemu kubwa ya maji hayo huishia kwenye maranda. Jike hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, huzaa watoto wapatao 10, na dume akiachwa naye kizimbani, jike huyo anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja au mbili baada ya kujifungua, huku akiwanyonyesha wa kwanza. Mfugaji aliyeanza na wawili huweza kujidanganya kuhusu idadi aliyo nayo, hasa mbele ya mwenye nyumba, lakini uvundo humtangulia mlangoni na kutoa hesabu kamili.

Pamoja na ukali huo, una upole wa ajabu kwa wenyeji wake. Pua ya binadamu inayokaa na harufu ileile kwa muda huizoea na kuacha kuitambua, hivyo mfugaji huamka, hula na hupokea wageni akiamini kuwa chumba chake kinanukia maranda mapya. Wageni ndio hujua. Abiria wa daladala nao hujua, na adabu yao huonekana katika nafasi wanayomwachia kwenye kiti, neema ambayo wanaofuga kuku au sungura hawaipati kwa urahisi hivyo.

Asiyefaidi upole huo ni panya mwenyewe. Yeye hulala pua ikiwa ndani ya maranda, mahali amonia inapozaliwa, ilhali mfugaji huivuta akiwa amesimama. Kwa binadamu aliye kazini, kiwango kinachopendekezwa Marekani hakizidi sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni moja za hewa kwa zamu nzima. Kizimba kilichozibwa pande zote na kuachwa bila kubadilishwa matandiko huweza kukipita kiwango hicho mbali sana. Amonia huunguza utando wa njia ya hewa na kumfungulia mlango Mycoplasma pulmonis, bakteria ambaye panya wengi wa kufugwa wanaye tayari, hata mnyama akaanza kupiga chafya, kukoroma anapohema na kutoa machozi mekundu ambayo wengi huyadhani damu, kumbe ni rangi itokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho. Hapa sifa hazina budi kupungua sauti.

Maadui wa uvundo, hata hivyo, hawana heshima kuuzidi. Manukato ya kupuliza huongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, na kifua cha panya hulazimika kuzibeba zote mbili. Maranda ya mierezi na misonobari mibichi, yanayosifiwa kwa kunukia, hutoa kemikali za jamii ya fenoli zinazosumbua mapafu na ini. Siki walau ina ujuzi, maana asidi yake huigeuza amonia kuwa chumvi isiyopaa hewani. Lakini dawa kubwa ni ukavu na hewa inayotembea, na ndiyo maana katika vyumba vya wanyama wa maabara hewa hubadilishwa mara 10 hadi 15 kwa saa.

Adui wa kuchekesha kuliko wote ni msafi kupita kiasi. Dume hudondosha matone ya mkojo kila apitapo, kwa kuwa ndani yake mna harufu inayotaja jinsia yake, hali yake na mipaka yake; kizimba kikisuguliwa chote kwa sabuni asubuhi, kufikia jioni atakuwa amekiandika upya chote, kwa wino mwingi zaidi. Mama mwenye watoto wachanga akivurugiwa kiota anaweza hata kuwala. Kwa panya wadogo wa nyumbani mambo ni mazito zaidi: mwaka 1959 Hilda Bruce alionyesha kwamba jike aliyetoka kupandwa, akikutana na harufu ya dume mgeni, huweza kupoteza mimba. Harufu ya panya, basi, ni mali yake halali, na amonia ni deni la mfugaji. Anayezichanganya hufuta ya kwanza kila siku na kuiacha ya pili ikae pembeni, chini ya chombo cha maji.

Mwenye kizimba na ayatoe leo maranda yaliyolowa, akiacha konzi ya yale makavu ya kiotani, awatenge madume na majike kabla watoto hawajafikisha wiki tano, afungue dirisha, kisha amwite jirani asiyefuga chochote aje kunusa na kutoa hukumu.