Kilicholia Chini ya Migomba

Kakamega ukionekana na mashine ya kutambua madini, hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Tangu dhahabu ipatikane huku 1931 na wazungu kumiminika na sululu zao, kila ukoo una mjomba ambaye angekuwa tajiri, laiti angechimba hatua chache upande wa pili. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini wachimbaji wadogo hawakufunga chochote. Kwa hiyo shemeji yangu alipotua kwetu Shieywe na mashine aliyoazima kwa rafiki wa machimboni, mume wangu, Baba Junior, alimpokea kama mleta mahari.

Walianzia nyuma ya jikoni. Mashine ikalia: kifuniko cha soda. Ikalia tena: msumari. Mlio wa tatu ulitoa ubapa wa jembe la zamani, na Kukhu, mama mkwe wangu, akautambua papo hapo. Akauliza ni nani aliyelipoteza, kwa sauti iliyoonyesha kuwa kesi hiyo haijawahi kufungwa. Shimo lilipofika kwenye viazi vyangu vitamu nilitoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, hivyo viazi ni chakula cha watoto."

"Tukipata, shemeji, watoto watakula kuku kila siku," akajibu bila kuinua kichwa.

Chini ya migomba ndipo mashine ilipopiga yowe. Wakaibua nyota ya pembe sita, ndogo kuliko kiganja, imejaa udongo mwekundu na kutu ya kijani. Palipoguswa na jembe pakang'aa manjano. Shemeji akapiga magoti. Baba Junior akachungulia ua kuona kama jirani anatazama.

Kukhu aliichukua, akaigeuza, akakata shauri: "Hii ni ya mzee." Baba mkwe wake alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, na kwa simulizi za ukoo alipigana Burma. Hakuna matanga wala harusi ya kwetu iliyokosa Burma hiyo, pamoja na mvua yake na Wajapani wake. Askari wa Afrika Mashariki kweli walipita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumbishia Kukhu.

Shemeji bado aliamini ni dhahabu. Ili kuthibitisha, ndugu hao wawili wakaitumbukiza nyota ndani ya sufuria yangu ya ugali pamoja na maji ya limau na chumvi. Nyota za namna hii ni za shaba iliyochanganywa na zinki. Asidi hutangulia kula zinki, shaba nyekundu ikabaki juu, na ndiyo maana kufikia saa ya chai pembe mbili zilikuwa na rangi ya waridi. Baba Junior akaenda kutafuta waya wa kusugulia masufuria. Hapo nikamnyang'anya.

Nikaisuuza vizuri, kisha nikailoweka katika maji ya betri, yale yaliyotolewa chumvi, si asidi yake. Nikapitisha mswaki laini na kijiti cha mbao, taratibu, kando ya herufi. Kutu ngumu iliyoshikamana niliiacha, maana ukiing'oa inaweza kuondoka na maandishi. Katikati likatokea taji na herufi za mfalme George wa Sita. Kwenye duara likatokea neno la mwisho, STAR. Nyumba nzima iliinamia karai, Kukhu akiwa mbele. Neno la kati likajitoa kwenye udongo: AFRICA.

Shemeji, ambaye dhahabu yake ilikuwa imeshakufa, akachangamka. "Kumbe mzee hakufika Burma?" Mwiko wangu ulikuwa karibu na Kukhu, akautumia.

Nikamtetea mzee. Africa Star walipewa pia waliopigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, na keya walikuwa huko hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Askari mmoja aliweza kupata hiyo na ya Burma pia.

"Basi alienda kote kuwili," Kukhu akahukumu. "Hiyo nyingine bado iko chini. Chimbeni."

Nikasimama mbele ya viazi vilivyobaki, na mashine ikarudi machimboni kabla ya giza.

Kama kweli ni ya mzee, nyota yenyewe haiwezi kusema. Waingereza walizitoa nyota hizo bila jina la askari, mzungu kwa Mwafrika. Nyota zilifanana, walichokuta nyumbani hakikufanana, kwani mzungu aliyetoka vitani alikuwa na mpango wa serikali wa kumpatia shamba hapahapa Kenya.

Medali ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918 ni habari tofauti. Hiyo ni ya duara, na ukingoni hubeba namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Ikiwa ipo moja katika sanduku la bibi yako, ishike penye mwanga na usome ukingo kwa kioo cha kukuza, uandike ulichosoma, kabla hajatokea mtu na limau.