Kaburi Lenye Mlango wa Nyuma

Katika ulimwengu shirikishi wa kubuni, yaani mandhari moja ambamo watunzi wengi hurithishana wahusika wakiwa hai, au walau wakiwa wafu wa kufufulika, kifo cha jambazi huhesabiwa kuwa hasara ya duka kabla hakijawa ushindi wa haki. Joker, hasimu wa Batman, shujaa wa vitabu vya katuni, alikusudiwa kufa katika toleo lile lile la 1940 lililomzaa, lakini mhariri akaagiza iongezwe picha moja ambamo daktari, ndani ya gari la wagonjwa, anastaajabu kuwa kisu hakikummaliza. Ukarimu huo ulilipa: mwaka 1988 Joker alimtwanga kwa mtaimbo Jason Todd, kijana wa pili kuitwa Robin, yaani msaidizi wa Batman, wasomaji wakaombwa kupiga simu, kwa senti 50 kila moja, kuamua kama apone, nao kwa tofauti ya kura 72 wakamzika. Marehemu naye alirudi baadaye, akiwa na kinyongo ambacho mtu aliyepigiwa kura akiwa mahututi ana haki nacho. Joker mwenyewe, kila akikamatwa, hupelekwa Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo kufuli zake, tangu 1974, zimewashinda wauguzi tu.